Fundi Hashoni Asichokiona

Fundi hashoni asichokiona. Mmeisikia, wajukuu zangu, mkacheka, sasa mwauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Alfajiri, kabla ya adhana, Bi Tatu alisikia kopo likigonga ndoo bafuni. Siku ya tisa hiyo. Mwanawe Mbwana, fundi cherehani, alikuwa akijikanda kwa maji ya moto, asionekane. Mkewe, Mashavu, alikwisha kumrudisha kwao, ati nyumba inavuja. Bati lenyewe jipya!

Bi Tatu akamkokota hadi zahanati. "Naumwa chini," akasema Mbwana. Mganga akamkagua nyayo, akampa dawa ya kuchua. Wiki ya pili, "Chini, daktari," akapigwa picha ya vifundo vya miguu. Mara ya tatu akashauriwa abadilishe viatu. Naye, msiba gani huu, akanunua viatu!

Homa ilipopanda, Bi Tatu alimfikisha hospitali kubwa, kwa Dokta Kisamo, mpasuaji.

"Chini wapi?"

"Chini tu, dokta."

"Chini ni tangu kitovuni mpaka kaburini, kijana. Wapi?"

Bi Tatu uvumilivu ukamwishia. "Mbwana! Mteja akitaka suruali, akakataa kupimwa, wamwambiaje?"

"Namwambia... fundi hashoni asichokiona."

"Haya! Na huyu ni fundi!"

Dokta Kisamo hakucheka. Alivuta pazia, akawaomba wanafunzi wake watoke, akapasha mikono moto kwanza. Wema ule Bi Tatu hakuusahau. Nyuma ya pazia yakasemwa: kinyozi mmoja alimdunga Mbwana mafuta uumeni, ati uongezeke, mke afurahi. Mafuta yakaganda mabonge, ngozi ikaanza kuoza.

"Mashavu alilalamika?" Bi Tatu akauliza kutoka upande wa pili.

"Hapana, mama."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"La haula!"

Mbwana akanong'ona. "Dokta, utakatwa wote?"

"Ungekaa mwezi mwingine, ndiyo. Sasa nitatoa mabonge, nikitie kidonda kiraka cha ngozi ya paja lako. Si kazi ya siku moja."

Alipasuliwa mara mbili. Baada ya ile ya pili, Bi Tatu akamwita Mashavu, akaja na chupa ya uji. Mbwana akavuta shuka hadi kidevuni. Bi Tatu akakohoa. Basi Mbwana akalishusha mwenyewe, taratibu, akaeleza yote.

Mashavu alitazama bendeji, akatazama paja lililochunwa.

"Miezi mitatu nipo kwetu najiuliza nimekukosea nini! Kumbe mafuta! Ungesema, ningekukanda mimi."

"Niliona haya."

"Haya hiyo ndiyo iliyokuozesha."

Akammiminia uji, akaupoza kwa kuupuliza.

"Fundi hashoni asichokiona, mwanangu," akasema Bi Tatu. "Wala mke."

Kengele ya kuondoa wageni ikalia. Mashavu akainuka. Mbwana akamshika pindo la kanga.

"Kesho uje tena."