Kalipa Nyekundu za Jeptoo

"Kalipa mpya haipozi mafuta ya kale." Mmemsikia fundi akimwambia hivyo jirani aliyetia mlango mpya kwenye fremu iliyoliwa na mchwa, mkacheka, kisha mkaniuliza usemi huo ulitoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na binti aitwaye Jeptoo, mpenda mbio za magari kupindukia. Marehemu baba yake alimwachia gari dogo la michezo, la viti viwili, naye alilipeleka uwanja wa mbio nje ya Nakuru kila lango lilipofunguliwa. Siku moja, akikaribia kona kali, alikanyaga breki na pedali ikazama hadi sakafuni. Gari likaishia mchangani. Mama yake, Tapsubei, aliyekuwa akitazama, alisema neno moja tu: pedali ikizama tena, ufunguo unakuja kwake na gari linauzwa.

Jeptoo aliogopa zaidi kulipoteza lile gari kuliko alivyoiogopa kona. Akadhani kosa ni la kalipa, vile vibanio vinavyoshika diski ya gurudumu, akaanza kuzidadisi. Zenye pistoni mbili au nne? Za chuma au za alumini? Alipima, akauliza, akachungulia chini ya magari ya watu mpaka wakamzoea. Mwishowe akachagua nyekundu za pistoni nne, zilizoenea vizuri ndani ya rimu.

Fundi Obare alipokuwa akizifunga kwenye gereji yake, alitaka kumwaga mafuta ya breki. Jeptoo akamzuia. "Baba alikuwa akisema mafuta yaliyozoeana na gari hayabadilishwi." Wakayakinga kwenye chupa, wakayarudisha yaleyale.

Mizunguko ya kwanza gari lilisimama kila alipotaka. Kisha breki zikapata moto, na pedali ikazama tena. Jeptoo alishusha gia, akaponea majanini. Alimkabidhi mama ufunguo huku akilia.

"Nimekubali, mama. Ila niache nijue sababu kwanza."

Nyumbani aliweka vikopo viwili kwenye jiko la nje, kimoja kina mafuta ya breki ya gari lake, kimoja mapya. Mama akasogeza kigoda. Yale ya zamani, meusi kama chai iliyolala, yalianza kutokota upesi; mapya yalitulia tuli.

"Kumbe yakichemka yanafanya mapovu," Jeptoo alisema taratibu, "na mguu wangu unakanyaga mapovu."

"Na hizo nyekundu zako?"

"Hazina kosa. Wala zile kuukuu hazikuwa na kosa."

Mama alicheka hadi akajifuta macho. "Baba yako alisema mafuta ya gia, ya lile lori lake bovu. Breki hakuzitaja."

Mafuta yalipobadilishwa, mama alirudisha ufunguo, lakini akaketi kiti cha pembeni na kujifunga mkanda. Walizunguka mpaka breki zikanuka moto. Kwenye kona ileile Jeptoo alikanyaga, na pedali ikakaa imara. Mama alishusha pumzi.

"Zunguka tena," akasema.

Tangu hapo, mtu akitia kipya juu ya kilichooza, watu wa gereji ile humwambia: kalipa mpya haipozi mafuta ya kale.