Mgongo wa Binti Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama ndio walioenda shule na watu walikuwa bado wanahangaika kujifunza kufunga milango, palikuwa na Mwalimu Nungunungu. Alikuwa mwalimu hodari. Hesabu alizijua, kusoma alikujua, na kuimba aliimba, ingawa hakuna aliyemwomba. Tatizo lilikuwa moja: darasa lilikuwa na wanafunzi sitini na wawili, na wote walizungumza kwa wakati mmoja. Kelele zikimjaa kichwani, miiba ilimsimama mgongoni. Chwa!

Na nungunungu harushi miiba kama mishale. Huo ni uongo wa wawindaji waliorudi nyumbani mikono mitupu. Nungunungu hugeuka, akakupa mgongo, akakujia kinyumenyume. Ukibaki hapo ulipo, shauri yako. Ndiyo maana kwao kumpa mtu mgongo ni kumtangazia vita. Mwalimu alikuwa mstaarabu mno, hata ubaoni aliandika kiubavu, herufi zote zimeinama kama zinatafuta kitu sakafuni.

Muhula uliopita, katika purukushani, mwiba mmoja ulimwingia Digidigi pajani. Mama Kiboko, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuja akaujaza mlango wote.

"Mwalimu, mwiba mmoja tena ndani ya mtoto wa mtu, mmoja tu, unafunga virago. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Akaondoka. Mwalimu hakuitaka kazi nyingine duniani. Nyumbani kwake alikuwa anawafundisha hata mchwa kuhesabu.

Jumatatu akaletwa mwanafunzi mpya kutoka nyuma ya milima, Binti Nyegere. Wakawa sitini na watatu. Kabla hata hajajua pa kukaa, akaanza kuongea na jirani.

"Wewe, Binti Nyegere! Mbona unaongea ninapofundisha?"

Binti Nyegere akasimama. Akageuka. Akampa Mwalimu mgongo.

Darasa zima: "Haaa!"

Mstari wa kwanza wa miiba ukasimama, chwa! Mwalimu akaendelea na somo.

Jumanne hakuleta kazi ya nyumbani.

"Iko wapi kazi yako?"

Akasimama. Akageuka. Akampa Mwalimu mgongo.

Darasa zima: "Haaa! Mama yangu!"

Mstari wa pili, chwa! Mwalimu siku hiyo hakula. Usiku hakulala. Alisikia "haaa" hata ndani ya mto wake.

Jumatano Mwalimu aliingia na mitihani aliyoisahihisha kwa siku tatu. Binti Nyegere akakimbia ampokee, akajikwaa kwenye kibuyu cha maji, na maji yote, pwaa, juu ya mitihani! Wino ukatiririka mpaka mlangoni. Sufuri na mia zikawa kitu kimoja.

"Binti Nyegere!"

Akasimama. Akageuka. Akampa Mwalimu mgongo.

Safari hii hakuna aliyesema "haaa". Pumzi ziliisha. Mstari wa tatu ukasimama, chwa, chwa, chwa! Mwalimu mzima akawa kama fagio lililopigwa na radi. Naye akageuka! Mgongo kwa mgongo! Na nyegere akikasirika hutoa harufu ambayo nyuki wenyewe huuhama mzinga. Digidigi akajitupa chini ya dawati, kaziba pua, kafumba macho.

"Tumekwisha," akasema. "Asiyechomwa atanuka."

Mwalimu akapiga hatua ya kwanza kinyumenyume. Akapiga ya pili. Kabla ya ya tatu akatupa jicho juu ya bega apime umbali, akaona mtoto analia. Machozi yalikuwa yanadondoka sakafuni, tap, tap, tap.

Mwalimu akaganda. Kati ya miiba na mtoto palikuwa na shibiri moja. Mjeuri gani huyu anayelia?

Lakini miiba ikishasimama hailali kwa kuamrishwa. Akasema kwa sauti nyembamba, "Darasa, hesabuni mpaka mia. Narudi." Akatoka.

"Mwalimu kakimbia vita!" darasa likanong'ona. Hawakuwahi kuona mkubwa akiuacha ugomvi wake ndani na kutoka nje.

Huko nje Mwalimu akavuta pumzi, akaishusha polepole. Mstari wa kwanza ukalala. Akavuta tena, akaishusha. Wa pili ukalala. Wa tatu uligoma. Ikambidi azunguke darasa lote akijisemea, "Ni mtoto. Ni maji. Ni karatasi." Ndipo nao ukalala.

Akarudi, akapita mbele ya Binti Nyegere, akaketi sakafuni, chini kabisa.

"Mwanangu, nimekukaripia mara tatu, mara tatu umenipa mgongo. Kwenu mtoto akikaripiwa hufanyaje?"

"Hugeuka, Mwalimu," mtoto akajibu kwa kwikwi. "Kumkodolea mkubwa macho akiwa na hasira ni utovu wa adabu. Bibi alinifunda, mpe mgongo mpaka amalize. Nami nimegeuka vizuri, sijachungulia hata kidogo. Nimekosea wapi?"

Mdomo wa Mwalimu ukabaki wazi. Nzi akaingia, akatazama, akatoka. Siku tatu zote alikuwa anaheshimiwa, naye anainua miiba!

"Na ile harufu?" Digidigi akauliza kutoka chini ya dawati.

"Hiyo ni ya adui. Kwani Mwalimu ni adui?"

"Kwetu sisi, mwanangu," Mwalimu akasema, "kumpa mtu mgongo ni kumtangazia vita."

Binti Nyegere akashika kichwa. "Yalaa! Nimemtangazia Mwalimu vita, na wiki haijaisha!"

Mwalimu akainuka. Akaikagua miiba yake, yote bado imelala. Kisha, mbele ya wote, akageuka, akampa mtoto mgongo.

Wee! Darasa likapita madirishani. Sungura wawili walitoka kwa dirisha ambalo halikuwepo. Na ndipo Mama Kiboko akatokea mlangoni.

"Mwalimu! Nilikwambia nini?"

Akamnyakua Binti Nyegere, akamkagua mbele, nyuma, masikioni. Hakuona hata mwiba mmoja.

"Sasa mbona amekupa mgongo?"

"Ananiomba radhi kwa adabu ya kwetu, Mama. Nawe tafadhali, una hasira lakini unanikodolea macho. Sijui nitazame wapi."

Mama Kiboko akapepesa macho. Tangu azaliwe hakuna aliyemwambia hivyo. Akafikiri, akakohoa, akaamua naye aonyeshe adabu. Akageuka.

Kiboko, kugeuka mlangoni! Mwimo ukaondoka, ukuta ukafuata, ubao ukaja chini, vumbi likatanda mpaka kisimani. Kelele zake zilisikika vijiji saba.

Na miiba ya Mwalimu? Mtoto aliichungulia kwa pembe ya jicho. Ilikuwa imelala fofofo.

Hadithi yangu imeketi hapo. Anayeitaka na aibebe.