Nukta ya Kijani

Wapendwa, kabla hatujalifungua Neno, nitegeeni sikio kidogo.

Palikuwa na mtu mmoja mwenye duka la kutoa nakala, jirani na mahakama ya wilaya. Alikuwa na dada yake mkubwa, aliyeishi mji mwingine, nao hawakuwa wakisemezana. Walikosana kwenye matanga ya mama yao. Dada alitamka mbele ya waombolezaji kwamba mdogo wake amekuja kuzika, lakini hakuja kuuguza. Neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Tangu hapo kila mmoja akashika msimamo ule ule: "Aanze yeye."

Hata hivyo wote wawili walikuwa katika mtandao mmoja wa kijamii, na katika mtandao ule mtu akiwepo, nukta ya kijani huwaka pembeni ya jina lake. Ndugu huyu aliingia kwa simu yake kwa kunyatia. Alizitazama picha za dada yake harakaharaka, kisha akatoka kabla hajaonekana. Je, hatumjui mtu huyu? Hajaketi nasi asubuhi hii?

Siku moja mtandao ule ukatoa programu mpya ya kompyuta, na watumiaji wakaalikwa kuijaribu. Naye akaiweka katika kompyuta ya duka, akaifurahia mno. Picha zilijaa kioo kizima, maandishi yalisomeka bila kukunja uso. Alipotosheka, akabofya alama ya kufunga, dirisha likatoweka, akarudi kwenye kazi zake. Alidhani ametoka. Hakujua kwamba programu ile, ukilifunga dirisha lake, haiondoki. Hujificha chini ya kioo, ikabaki macho, ikiwatangazia watu wote: yupo, yupo, yupo. Na kompyuta ya dukani haikuzimwa, usiku wala mchana.

Huku kwa dada, binti yake alikuwa anakaribia kuolewa. Na kwa desturi ya watu wale, bibi harusi hatoki kwao mpaka mjomba wake amshike mkono, amvushe kizingiti. Binti akauliza, "Mama, nani atanivusha?"

"Nitamwomba mmoja wa binamu zangu."

"Binamu si mjomba, mama. Hebu tazama nukta hii kwenye simu. Mjomba yupo. Jana kutwa alikuwepo, na leo tangu alfajiri yupo."

"Ana kazi zake huyo."

"Mwenye kazi zake hashindi mlangoni. Anakungoja wewe."

Mama akaitazama ile nukta kwa muda mrefu. Kisha akapiga simu ya video.

Dukani palikuwa na foleni. Ghafla kompyuta ikaanza kuita kwa sauti kubwa, na mwenye duka, katika kuhangaika kuinyamazisha, akabofya pasipostahili. Uso wa dada yake ukajaa kioo kizima, mbele ya wateja.

"Mdogo wangu," akasema, machozi yakimlengalenga, "nimekuona. Siku zote hizi umekaa ukiningoja, nami naogopa kubisha. Unisamehe kwa lile neno la matangani."

Yule bwana akaanza kutafuta tena alama ya kufunga. Mama mmoja aliyeshika cheti cha kutolewa nakala akamhimiza, "Mjibu basi, kaka! Dada wa watu analia!"

Sasa, angejibu nini? Ilikuwa rahisi kukubali sifa asiyostahili. Lakini safari hii hakutaka kujificha.

"Dada, sitakudanganya. Sikuwa nakungoja. Ni hii programu mpya ninayoijaribu. Nilidhani nimeifunga."

Dada akafuta macho kwa ncha ya khanga, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo nikate?"

Akavuta kiti, akaketi mbele ya ule uso.

"Usikate, dada. Lile neno lako lilikuwa la kweli. Mimi ndiye wa kuomba msamaha. Sasa nipo."

Wapendwa, binti yule alivushwa kizingiti na mjomba wake.

Nasi je? Nukta zetu zinawaka. Tuna sare za kwaya, tuna mistari ya Biblia tunayowatumia watu kila asubuhi, tuna viti vyetu vya mbele. Majirani wanatuona, wanasema, "Hawa wapo." Lakini anapobisha mjane, anapobisha mtoto tuliyemfukuza, anapobisha ndugu tuliyemsusia, anamkuta nani ndani? Taa tu, isiyo na mtu?

Lakini sikuja kuwavunja moyo. Ikiwa taa iliyosahauliwa, taa ya bahati mbaya, ilitosha kumpa dada ujasiri wa kubisha, itakuwaje taa ya yule anayetungoja kwa kusudi? Maana Mungu wetu hakuusahau mlango wazi. Usiku ule unaoona haya kuomba, yupo. Asubuhi ile unayoanza sala na kuikatisha katikati, yupo. Ukimwuliza kama alikuwa anakungoja, hatatafuta la kusingizia.

Basi kuna mtu, leo hii, anayelitazama jina lako na kusita. Hajui kama upo. Usimwachie aanze yeye. Ukitoka katika mlango ule, kabla hujaonja chakula cha mchana, mpigie. Na akikuuliza kulikoni, mwambie neno moja tu, nawe ulimaanishe:

"Nipo."