Shingo ya Gitaa la Kasanda

"Shingo isiyoinama haiimbi."

Bi Nyamizi alipotamka methali hiyo, vijana wa bendi waliokuwa wakifunga spika waliacha nyaya chini. "Imetoka wapi, bibi?" wakauliza.

"Papa hapa Tabora," akajibu. "Ilianza hivi."

Bendi mbili ziligombea ukumbi mmoja. Wenye mji wakaamua zipige zote Jumapili alasiri. Itakayowachezesha watu ndiyo ibaki. Bendi moja ilimtegemea Kasanda, mpiga solo mwenye vidole vyepesi na mdomo mzito kuomba radhi. Ya pili ilimtegemea Mlekwa, kaka yake, aliyemfundisha gitaa. Hawakuwa wakisemezana tangu Kasanda aihame bendi ya kaka yake akitamba kuwa hana tena la kujifunza kwake.

Siku hiyo Kasanda aliona nyuzi zake zimeinuka mno juu ya shingo ya gitaa, zinamchelewesha. Ndani ya shingo ya gitaa mna chuma kirefu, hukazwa kwa ufunguo ili nyuzi zisiikunje shingo. Akakikaza. Akachungulia, akakaza tena, mpaka shingo ikanyooka kama rula. Lo! Alipopiga, kila noti ilikwaruza kama nzi ndani ya kopo. Akadhani haijanyooka vya kutosha, akazidi kukaza. Sasa uzi mwembamba ukanyamaza kabisa.

Ukumbini watu walikuwa wakimwita kwa jina. Akalibeba gitaa, akakatiza jukwaa mbele ya macho ya wote mpaka kwa Mlekwa, akainama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kunitukana tena?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na gitaa limenifia mikononi."

Mlekwa alilipokea, akafumba jicho moja, akaitazama shingo toka juu hadi chini.

"Umeinyoosha kupita kiasi! Uzi ukipigwa hucheza, Kasanda. Utachezea wapi nawe umeunyima nafasi? Shingo sharti iiname kidogo."

Akalegeza robo mzunguko, akasikiliza. Akalegeza kidogo tena. Akaubana uzi mwanzo na mwisho wa shingo. Katikati, chini ya uzi, pakabaki mwanya mwembamba, wa kupitisha karata.

"Mbona unanisaidia, na tunashindana?"

"Nataka nikushinde ukiwa mzima. Nenda kapige!"

Kasanda akapiga. Nyuzi zikalia wazi, tamu, moja moja! Watu wakaruka vitini, kanga zikapepea, vumbi likatimka. Mlekwa uvumilivu ukamwisha. Akachomeka gitaa lake, akamjibu mdogo wake noti kwa noti. Bendi mbili zikawa moja, na hakuna aliyekumbuka kuamua mshindi.

Mtu akapaza sauti, "Mlekwa, umelitia dawa gani gitaa lile?"

Mlekwa akasogelea kipaza sauti. "Shingo isiyoinama haiimbi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana wote walikuwa wamemwona Kasanda akiinama. Naye Kasanda alicheka kuliko wote, machozi yakimtiririka, vidole haviachi nyuzi.

Tangu siku hiyo, penye mtu aliyeshupaza shingo na jambo likakwama, watu wa Tabora humwambia bila kumgombeza: shingo isiyoinama haiimbi.