Sufuri ya Mwalimu Asilimia

Kuna watu wenye jicho kali la kuona doa kwenye shati la jirani, ilhali lao limechanika mgongoni. Kwa ajili yao wahenga walisema: nyani haoni kundule.

Chuo kimoja cha uandishi wa habari kilikuwa na wanafunzi sitini, kompyuta nne na kinasa sauti kimoja kilichoazimwa kwa zamu. Zamu ya binti wa fundi cherehani haikufika. Alichukua daftari na kalamu, akaenda kwa miguu siku tatu mfululizo hadi zahanati iliyokosa maji, akawahoji muuguzi, mlinzi na wajawazito waliokuja kujifungua na ndoo zao mkononi. Aliandika aya tano tu. Habari bora ingempa mwandishi wake nafasi ya mafunzo ya kazi redioni.

Karatasi ilirudi na sufuri.

Mwalimu, ambaye wanafunzi walimbandika jina Asilimia kwa kupenda tarakimu za mashine ya kukagua kazi zao, aliitikisa karatasi hiyo mbele ya darasa.

“Asilimia tisini na moja ni akili mnemba! Tangu lini mtoto wa cherehani akashona sentensi kama hizi?”

Wenzake waliangua kicheko. Binti aliichukua karatasi yake, akaitia ndani ya daftari. Kesho yake aliingia ofisini kwa mkuu wa chuo pamoja na mama yake, ambaye tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake. Asilimia aliitwa.

“Daftari lake hili hapa, limejaa mahojiano,” mkuu alisema.

“Daftari huandikwa hata baadaye, mama mkuu. Vijana hawa wezi! Wanaichafua taaluma!”

“Mama mkuu,” binti alisema, akimkabidhi karatasi yenye sufuri, “naomba usome sababu alizoniandikia.”

Mkuu akasoma: “‘Mahojiano na waziri katika aya ya tisa yamebuniwa.’” Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. “Mwalimu, mbona aya ni tano? Na waziri yuko wapi?”

Asilimia alikohoa. “Unajua… wanafunzi sitini ni wengi. Mashine ilinisaidia kidogo.”

“Kukuandikia maoni?”

“Na… kusoma.”

“Yaani hukuisoma!” mama mtu alifoka. “Mwanangu katembea mpaka soli imetoboka, wewe hata macho umeshindwa kuyatembeza? Halafu mwizi ni yeye!”

Mkuu aliisoma habari yote papo hapo, akafuta sufuri, akapeleka jina la binti redioni. Kisha akamwagiza Asilimia azirudie karatasi zote sitini.

“Utazisoma darasani, mbele yao, kwa macho yako. Na utaanza kwa kumwomba radhi huyu, pale pale ulipomtukana.”

Asubuhi iliyofuata mwalimu alisimama mbele ya wanafunzi wale wale, jasho likimtiririka, akaungama kisa cha waziri wa aya ya tisa, akaomba radhi. Safari hii hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akiichungulia karatasi yake kumtafuta waziri. Aliyepaza sauti kuwasaka wezi ndiye aliyekutwa na mzigo: nyani haoni kundule.