Barua Isiyo na Jina

Mchungaji Mwambapa alimwambia Tusekile, mpika pombe ya komoni, kuwa Jumapili angemtenga kwa ajili ya pombe na hawara. Angekaa benchi la nyuma, na akifa kanisa lisingemzika.

"Sawa, baba mchungaji. Ila wateja wangu wananiuliza mbona unamuunga mkono mbunge, na yule ni mlevi mwenye mahawara watatu."

"Yule analitetea kanisa bungeni."

"Basi niandikie hayo nikawasomee, wampe kura. Jina usilitaje, kampeni bado hazijafunguliwa."

Mchungaji alifurahi, akaandika, akagonga muhuri.

Jumapili mbunge alikaa benchi la mbele. Tusekile alipotajwa ili atengwe, alisimama taratibu akampa katibu wa kanisa barua ile aisome.

"Ndugu yetu huyu ana udhaifu wa pombe na wa mahawara," katibu alisoma, "lakini ni chombo cha Bwana. Asihukumiwe na mtu."

"Barua hiyo haimhusu yeye," Mchungaji akasema.

"Inamhusu nani, baba?" Tusekile aliuliza.

Mchungaji alimtazama mbunge, kisha akatangaza wimbo.

Tusekile akaenda mbele kabisa.

"Mheshimiwa," alisema, "sogea kidogo, chombo mwenzangu."