Fisi Mwenye Huruma na Sheria ya Wanaochechemea

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa na nini?
— Pakawa na meno.
— Meno ya nani?
— Ya asiyeshiba.
— Na miguu?
— Ya asiyelala.

Haya, mwenye meno asikilize, na mwenye miguu asikilize zaidi. Tunu, kunja mguu, mwenzako hana pa kukaa. Hadithi hii niliambiwa na shangazi yangu Mwanaisha, na alipofika katikati nikamwambia, shangazi, haiwezekani, mambo kama hayo hayakutendeka. Akaniambia nyamaza, yalitendeka. Nami nawaambieni yalitendeka, na mpaka leo nikiyakumbuka natia mkono kinywani.

Hapo kale, katika nyika yenye miiba mingi na maji kidogo, wala nyama walikula mpaka wakapitiliza. Walikula swala asubuhi, walikula swala mchana, walikula swala jioni. Walikula wenye mimba, wakala na wanaonyonyesha. Siku moja Simba akaamka akatazama huku, nyika tupu. Akatazama kule, nyika tupu. Simba huyo alikuwa jike, mzee, jicho lake moja limeingia ukungu, na wote wakimwita Nyanya.

Nyanya akashtuka. Hakushtuka kwa huruma, msidanganyike. Alishtukia tumbo lake. Akasema, "Tukiwamaliza hawa, mwakani tutakula nini, mawe?"

Akamtuma Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa, akapige mbiu. Hondohondo akaruka kichaka kwa kichaka, hoo, hoo, hoo. "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Tangu mvua ya kwanza mpaka watoto wa swala waweze kukimbia, msimu wa kuwinda umefungwa. Atakayewinda ataliwa yeye."

Swala wakapumua. Hawajamaliza kupumua, Nyanya akaongeza neno.

"Ila swala anayechechemea," akasema. "Huyo anateseka bure. Auawe kwa huruma, hata kama msimu umefungwa. Na atakayemwona kwanza ndiye mwenye nyama."

Akatafutwa mlinzi wa sheria hiyo. Chui akakataa, akasema mate yake mwenyewe hayaamini. Mbwa mwitu wakakataa, wakasema wao ni wengi na huruma haiwezi kuwatosha wote. Akasimama Fisi, akaweka mkono kifuani.

"Nipeni mimi," akasema. "Mimi nina moyo laini."

Wakampa. Wallahi walimpa. Fisi kakabidhiwa bucha, na watu wazima wamekaa wanatazama.

Fisi akaanza kazi. Akamkuta swala amechomwa na mwiba, ameinua mguu autoe. Fisi akatikisa kichwa. "Anachechemea. Maskini. Huruma inanishika." Kachu, kachu, kwisha.

Akamkuta tohe, swala wa kwenye matete, ameteleza ukingoni mwa mto. Fisi akatikisa kichwa. "Anachechemea. Maskini. Huruma inanishika." Kachu, kachu, kwisha.

Akamkuta kongoni ameamka usingizini, mguu umekufa ganzi. Na huyo naye, "Anachechemea. Maskini. Huruma inanishika." Kachu, kachu, hata kwato hazikubaki.

Wanyama wakaenda kulalamika kwa Nyanya. Nyanya akauliza, "Alikuwa akichechemea au hakuwa akichechemea?" Wakajibu, "Fisi anasema alikuwa." Nyanya akasema, "Basi," akageukia upande wa pili akalala.

Bumbuwazi likawashika. Zamani, msimu ukiwa wazi, mtu unafukuzwa na unajua unafukuzwa, unakimbia. Sasa walikuwa wanaliwa kwa huruma, wamesimama.

Lakini hapo bado. Shangazi alipofika hapa ndipo nilipomshika mkono nikamwambia aache. Fisi aligundua jambo. Mtoto wa swala akizaliwa husimama. Akisimama hutetemeka. Akitetemeka huyumba, akaanguka, akasimama, akaanguka tena. Nani aliyezaliwa leo akatembea sawasawa? Wewe Tunu ulisota kwa makalio mpaka kaptula zikatoboka. Basi Fisi akaacha kuzunguka. Akawa anakwenda kukaa karibu na wanaojifungua, na kungoja. Sheria iliyowekwa ili watoto wakue, akawa anawalia watoto humohumo.

Sasa palikuwa na Digidigi, mdogo wa swala wote, ukimweka kwenye ungo anaenea na nafasi inabaki. Asubuhi moja akajifungua mtoto wake wa kwanza, ndani ya kichaka. Hajamaliza kumlamba, akasikia sauti nje.

"Hodi, mama."

"Karibu. Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Nasikia umejifungua."

"Nimejifungua salama."

"Hongera. Mtoto amesimama?"

Digidigi akamziba mtoto kwa mwili wake. Na mtoto naye, watoto hawana siri, papo hapo akasimama. Miguu minne, kila mmoja na njia yake. Akayumba, akaanguka pu. Akasimama, akaanguka pu.

Fisi akatikisa kichwa. "Anachechemea. Maskini. Huruma inanishika."

Mume wa Digidigi alikuwa upande wa pili wa kichaka. Aliposikia sauti ya Fisi alibaki hukohuko, na mimi sitamtaja tena katika hadithi hii.

Digidigi alitaka kulia. Alitaka kukimbia pia, lakini yeye akikimbia mtoto anabaki. Akameza kilio, akasema, "Bwana Fisi, sheria iko mikononi mwako, sina neno. Ila nakuonea huruma wewe."

"Mimi?" Fisi akauliza. Hakuwahi kuonewa huruma.

"Wewe. Mwanangu huyu ana nyama gani? Tonge la kwanza ni ngozi, la pili ni kwato. Nimemwona mtoto wa pundamilia, kazaliwa juzi, ana mapaja kama mitungi, na anayumba kuliko huyu. Kuna mtoto wa nyati. Kuna watoto wa ngiri, wanaanguka wote kwa pamoja."

Mate yakamdondoka Fisi, to, to, to. Akasema kwa uchungu, "Hao si swala. Sheria inasema swala."

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Moyo mkubwa hivyo, halafu umefungiwa kwa swala tu. Kwani pundamilia akichechemea haumii? Mwambie Nyanya aseme mnyama yeyote. Mnyama yeyote anayechechemea. Mwanangu atakungoja, kwani atakwenda wapi na hata kutembea hajui?"

Fisi akamtazama mtoto, akafikiri mapaja kama mitungi. Akameza mate, glu. "Usimwondoe," akasema.

"Nimpeleke wapi, bwana wangu?"

Fisi akaondoka. Digidigi akabaki anamtazama anavyokwenda. Alimtazama sana.

Nyanya alikuwa anatafuta usingizi kando ya kisima chake Fisi alipofika. "Nyanya, wako wanaoteseka ambao si swala. Moyo unaniuma. Sema mnyama yeyote."

"Mnyama yeyote," Nyanya akasema, ili alale. "Hondohondo, piga mbiu."

Hoo, hoo, hoo. "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mnyama yeyote anayechechemea auawe kwa huruma, na atakayemwona kwanza ndiye mwenye nyama."

Jamani. Pundamilia alikuwa ananyonyesha, maziwa yakakatika. Nyati akakaa chini, na nyati hakai ovyo. Hata Chui, mwenye watoto ambao macho yao hayajafunguka, akawasogeza kwa mkia chini ya tumbo. Na siri haikukaa, ikajulikana neno lile limetoka kinywani mwa Digidigi. Wakamjia juu.

"Wewe mdogo hivi umetuuza sisi sote," Pundamilia akamwambia, na machozi yanamtoka. "Mwanangu nilimzaa kwa taabu, unamjua, ulikuja kumwona."

"Niliyakosa maneno mengine, dada," Digidigi akasema. "Njoo kisimani kwa Nyanya. Waambie wote waje. Watoto nao waje."

Wakaja. Wala nyama wakaja kwa njaa, wala majani wakaja kwa hofu. Fisi akaja mapema kuliko wote, akakaa mahali pazuri. Mwisho akaja Digidigi, tip, tip, tip, na nyuma yake mtoto, anayumba, anaanguka, anaamka. Wanyama hawakuamini macho yao. Mama mzima anampeleka mtoto kwenye meno kwa miguu yake.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Nani anaongea? Simwoni."

"Niko huku chini, Nyanya. Nimemleta mwanangu, Bwana Fisi amhukumu mbele ya wote. Ila sheria sasa ni yetu sote, na sisi wajinga kuchechemea hatukujui vizuri. Naomba kwanza atuonyeshe mwendo wa mnyama mzima, tuujue. Kisha tumlinganishe mtoto."

Fisi akafurahi. Kuitwa mtu wa kufundisha, mbele ya Nyanya, na Chui anatazama? Akajinyoosha, akaingia katikati ya uwanja.

"Tazameni," akasema. "Mnyama mzima hutembea hivi."

Akatembea. Chepe-chepu, chepe-chepu. Mabega juu, makalio chini, kichwa kinainama kinainuka, miguu ya nyuma inafuata kama imelazimishwa. Chepe-chepu mpaka kisimani, chepe-chepu akarudi.

Uwanja mzima ukamtazama. Maisha yao yote walimwona Fisi akipita, na maisha yao yote walikuwa wanakimbia. Hakuna aliyewahi kusimama amtazame.

"Ahsante, mwalimu," Digidigi akasema. "Huo ndio mwendo wa mzima?"

"Huo ndio."

"Haya, mwanangu, tembea."

Mtoto akatembea. Akayumba huku, akayumba kule, makalio chini, pu.

"Nyanya, mwendo ni uleule. Mwanangu ni mzima."

"Hapana," Fisi akasema haraka. "Huyu anachechemea."

"Basi na mwendo wako ulikuwa wa kuchechemea?"

Fisi akaona njia mbili. Angesema ule ni uzima, mambo yangekwisha, angekwenda nyumbani na roho yake. Lakini akamtazama mtoto wa Digidigi. Akamtazama mtoto wa pundamilia na ile mitungi. Tumbo likamjibia.

"Ndiyo," akasema. "Ule nilikuwa nawaonyesha wa kuchechemea. Nilitangulia kidogo."

"Tumekuelewa. Tuonyeshe sasa wa mzima."

Fisi akatembea. Chepe-chepu. Akasimama, akakaza makalio, akaanza upya. Chepe-chepu. Akajaribu kutembea kwa ncha za vidole, akajaribu kwenda kinyumenyume, jasho likamtoka. Chepe-chepu, chepe-chepu. Hakuwa na mwendo mwingine. Kila mmoja hupewa mmoja, na wake ulikuwa huo.

Digidigi akamtazama, akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti yake ndogo, na kila mtu akaisikia, "Anachechemea. Maskini. Huruma inanishika."

Nywele za Chui zikasimama. Mla majani yule, wa kukaa kwenye ungo.

"Mbiu imesema mnyama yeyote," Digidigi akaendelea. "Na mimi ndiye niliyemwona kwanza, kwa hiyo nyama ni yangu. Nyama mimi sili. Nawapa wenye njaa."

Wenye njaa walikuwa wamekaa na njaa tangu mvua ya kwanza. Chui akasimama. Mbwa mwitu wakasimama, na wao, ilionekana, huruma ingewatosha. Fisi akatazama huku, meno. Akatazama kule, meno. Akatoka mbio, vumbi nyuma, na anacheka kwa woga, "Hee, hee, mzima mimi, mzima, hee." Ndiyo maana mpaka leo anapenda kupita gizani, asionekane anavyotembea, na kicheko kile hakijamwisha.

Nyanya akajikohoza. Alikuwa ameshtuka naye, maana miguu yake yote miwili ya nyuma ilikuwa na baridi yabisi. Akaikunja chini ya tumbo, akasema, "Neno la kuchechemea nimelifuta. Msimu umefungwa, umefungwa."

Kina mama wakalia kwa furaha, wakalambana, wakawalamba watoto, wengine wakakosea wakalamba watoto wa wenzao. Pundamilia akamwomba Digidigi msamaha. Digidigi akasogea mbele, tip, tip, tip.

"Nyanya, Mungu akuweke. Umetuokoa."

Nyanya akainamisha kichwa, akamtafuta kwa jicho lake zima mpaka akamwona.

"Mjukuu wangu, usinishukuru," akasema. "Sheria haikusema hamtaliwa. Imesema hamtaliwa sasa. Watoto wakiweza kukimbia, msimu unafunguliwa. Na wa kwako ana mapaja mazuri."

Furaha ikazimika kisimani. Mama wote walisimama kama walivyokuwa, ulimi nje.

Papo hapo yule mtoto wa Digidigi akapiga hatua. Akapiga ya pili. Hakuanguka. Akapiga ya tatu, akamgeukia mama yake asifiwe. Digidigi akainama sikioni kwake.

"Vizuri sana, mwanangu," akamnong'oneza. "Sasa chechemea kidogo."

Na nyuma yake kila mama aliyesikia akamwinamia wake.

Fundisho ni nini? Fundisho, wanangu, ni kwamba mdogo anyamaze wakubwa wakisema, mlinzi wa sheria asiulizwe maswali, na mtoto mwema hutembea wima mbele ya wazee wake. Ndivyo alivyonifundisha shangazi, uso mkavu, nami sijaongeza wala sijapunguza.

— Hadithi imefika.
— Imefika kwa nani?
— Kwa mwenye masikio.
— Na mwenye meno?
— Mwambieni bado hatujajua kukimbia.